Dawa za cheti kwa mbwa na paka: nani aandike, nani auze, na zinatolewaje

Katika makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Dar es Salaam, kutoka Mbezi hadi Kigamboni, kuna swali lisilokauka: mbwa amegoma kula tangu jana, mwili una joto, kupe wamemjaa masikioni, je, anunuliwe dawa gani? Majibu humiminika upesi. Mmoja anataja sindano aliyochomwa mbwa wake mwaka jana, mwingine anatuma picha ya chupa iliyobaki kabatini, wa tatu anashauri apewe kwanza nusu kidonge cha panadoli ili homa ishuke. Baadhi ya majibu hayo hutaja dawa ileile ambayo daktari angeiandika, na bado yanaweza kumuua mnyama, kwa sababu jina la dawa ndilo sehemu ndogo kuliko zote katika matibabu.

Dawa ya cheti ni ile isiyopaswa kuuzwa mpaka mtaalamu mwenye mamlaka amchunguze mgonjwa na kuandika atumie nini, kiasi gani na kwa muda gani. Kwa wanyama wa nyumbani, kundi hili linajumuisha antibiotiki, dawa kali za maumivu, steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mzio) kama prednisoloni, dawa za kifafa na za usingizi. Nje ya kundi hilo zipo bidhaa ambazo mwenye mnyama huzinunua bila cheti, kama dawa nyingi za minyoo na za kupe, ingawa kutohitaji cheti hakumaanishi kwamba zinamfaa kila mnyama. Chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, ni kitu kingine kabisa: humwandaa mnyama kabla ya ugonjwa, hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na haimtibu aliyekwisha kuugua.

Mkanganyiko wa pili unahusu watu. Dar es Salaam, kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa huitwa dokta, na yeye mwenyewe mara chache hukataa. Kwa upande wa wanyama, walio nyuma ya jina hilo ni watu wa aina tatu. Wa kwanza ni daktari wa wanyama, aliyesoma shahada ya miaka 5, wengi wao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, na ambaye amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania chini ya Sheria ya Veterinari Namba 16 ya mwaka 2003. Wa pili ni mtaalamu msaidizi mwenye stashahada au astashahada, ambaye mtaani tunamwita bwana mifugo. Huyu ni mtu muhimu sana, hasa pale ambapo daktari hafiki, lakini kazi yake imewekewa mipaka na inapaswa kufanyika chini ya usimamizi wa daktari. Wa tatu ni muuzaji wa duka la pembejeo na dawa za mifugo, ambaye anaweza kuwa na ujuzi mkubwa wa bidhaa zake na akawa hajawahi kumshika paka mgonjwa mkononi. Kumuuliza mtu namba yake ya usajili si utovu wa adabu, na daktari wa kweli huitoa bila kununa.

Kuna na mamlaka ya dawa zenyewe. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa ikijulikana kama TFDA hadi mwaka 2019, husajili dawa za binadamu na za mifugo kabla hazijaingia sokoni. Usajili huo unamhakikishia mnunuzi kwamba kilichomo kwenye chupa kimekaguliwa. Haumwambii kama kilichomo kinamfaa mbwa wake, kwa ugonjwa alio nao, leo.

Hapo ndipo cheti kinapoingia. Cheti cha dawa kinafanana na vipimo anavyoandika fundi cherehani: kitambaa kinaweza kuwa kilekile kwa watu kumi, lakini karatasi ile ni ya kiwiliwili kimoja. Cheti kilichoandikwa vizuri kina tarehe, jina na usajili wa daktari, jina la mwenye mnyama, aina ya mnyama, umri na uzito wake, jina la dawa na nguvu yake, kiasi cha kila mara, idadi ya mara kwa siku, na idadi ya siku. Kikikosa uzito, kirudishe. Na pale dawa inapotoka imefungwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu «½×2», hakikisha umeelewa kwamba ni nusu kidonge mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa 12, na kwamba hesabu hiyo imefanywa kwa kidonge cha miligramu fulani. Ukienda kununua tena ukapewa kidonge chenye nguvu maradufu, nusu ileile sasa ni dozi mbili.

Uzito ndio unaowaangusha wengi. Tuchukue sindano ya ivamektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe, ambayo watu huitumia kwa mbwa wenye ukurutu. Chupa ya kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita, na kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Ng'ombe wa kilo 300 atachomwa mililita 6, na mkono ukiteleza kidogo akapata sita na nusu, hakuna atakayejua. Mtoto wa mbwa wa kilo 5, kwa kipimo hichohicho, angestahili sehemu moja ya kumi ya mililita, kiasi ambacho katika bomba la sindano la mililita 5 hakionekani vizuri hata ukikisogeza kwenye mwanga. Anayechoma «kidogo tu», yaani mililita moja, amezidisha mara 10. Mbwa wengine watavumilia. Wengine watatetemeka, watapoteza uwezo wa kuona kwa muda au watazimia. Zaidi ya hapo, mbwa wa jamii ya Collie na nduguze wengi huzaliwa na hitilafu ya kinasaba inayoruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo, na mbwa wetu wengi wa ulinzi ni machotara ambao hakuna anayejua babu yao alikuwa nani. Daktari anaweza kuiandika ivamektini, na mara nyingi huiandika, lakini anafanya hivyo akiwa amempima mbwa kwenye mizani na kuhakikisha kwanza kwamba ukurutu ule umetokana na wadudu na haukutokana na fangasi au mzio.

Mizani haihitaji gharama. Panda kwenye mizani ya nyumbani ukiwa umembeba mnyama, kisha panda peke yako, utoe. Kwa paka na mbwa mdogo, njia hii inatosha kumpa daktari namba ya kuanzia hata kabla hujafika kwake.

Sasa tuje kwenye dawa za binadamu, ambako maneno ya mtaani yamegawanyika pande mbili zilizokosea zote. Upande mmoja unasema dawa ni dawa, kinachomponya mtoto kitamponya mbwa. Upande wa pili unasema dawa yoyote ya famasi ni sumu kwa mnyama. Ukweli ni kwamba madaktari wa wanyama huandika kila siku dawa zinazopatikana katika famasi za kawaida: amoksilini, doksisaiklini, prednisoloni, metronidazo, fenobabitali. Kwa hiyo usishangae ukitumwa famasi ya binadamu ukiwa na cheti kinachosema mgonjwa ni paka dume wa kilo 4, wala usimlaumu mfamasia akikuuliza mara mbili. La kuangalia ni kwamba asikubadilishie dozi kwa kumhurumia mgonjwa. Kuna dawa, ile ya kurekebisha homoni ya tezi ya shingo ikiwa mfano mzuri, ambazo mbwa huhitaji kwa kiwango kikubwa kuliko mtu kwa kila kilo ya uzito wake, na mfamasia aliyezoea wagonjwa wa miguu miwili anaweza kudhani daktari amekosea. Akiwa na shaka, ampigie simu aliyeandika.

Kwa upande mwingine, zipo dawa za kawaida kabisa nyumbani ambazo hazipaswi kumkaribia mnyama bila daktari, na ya kwanza ni hiyo panadoli, yaani parasetamoli, iliyoshauriwa kwenye kundi. Parasetamoli ni jambo ambalo ningependa kila mwenye paka alielewe kwa undani. Mtu wa kilo 60 akimeza kidonge cha miligramu 500 amepata kama miligramu 8 kwa kila kilo. Paka wa kilo 4 akipewa kidonge hichohicho amepata miligramu 125 kwa kila kilo, mara 15 ya mtu yule. Lakini hesabu hiyo ni nusu tu ya hatari. Ini la mtu huifunga parasetamoli kwa kemikali inayoifanya itoke kwenye mkojo bila madhara. Paka ana upungufu mkubwa wa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kwa hiyo dawa hugeuka kuwa sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu hata zikashindwa kubeba oksijeni. Fizi zinabadilika kuwa za kahawia au bluu, uso na nyayo vinavimba, anahema kwa shida, mkojo unakuwa mweusi. Kidonge kimoja kinatosha kumuua, na hakuna dozi ya parasetamoli ya kujaribia kwa paka, si nusu wala robo, wala kijiko cha dawa ya maji ya watoto.

Mbwa huivumilia parasetamoli zaidi kuliko paka, lakini ibuprofeni na diklofenaki, ambazo karibu kila nyumba yenye mtu anayeumwa mgongo inazo, humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari atauliza kama mbwa anatumia prednisoloni kabla ya kuziandika, kwa sababu makundi hayo mawili yakikutana tumboni hutoboa haraka zaidi. Tahadhari nyingine ni dawa za maji za watoto zilizotiwa utamu wa zailitoli. Mtoto hapati shida nayo, ila sukari ya damu ya mbwa inaweza kushuka ghafla hadi akaanguka.

Paka wanahitaji neno la ziada kuhusu dawa za kupe na viroboto. Nyingi za mbwa zina sumu ya wadudu iitwayo pemethrini, ambayo mbwa huimudu na paka hushindwa kuiondoa mwilini. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa, au aliyelala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa, anaweza kuanza kutetemeka mwili mzima na kupata degedege. Hali ni mbaya zaidi kwa dawa za kuogeshea ng'ombe ambazo madukani humiminwa kutoka kwenye chupa kubwa na kuuzwa kwa vipimo vidogo ndani ya chupa za maji ya kunywa, bila lebo, bila maelekezo ya kuchanganya, na kwa sura ambayo mtoto aliyetoka kucheza juani hawezi kuitofautisha na maziwa au maji. Dawa isiyo kwenye chupa yake ya asili isinunuliwe, hata kama muuzaji ni mtu wa siku nyingi.

Turudi kwa yule mbwa mwenye homa na kupe, kwa kuwa kisa chake ndicho kinachojitokeza zaidi katika jiji hili la joto na unyevu. Kupe wa kahawia wa mbwa huweza kumwambukiza magonjwa zaidi ya moja, na mawili yanayofahamika zaidi yanafanana mwanzoni: joto kali, kukosa hamu ya kula, fizi kupauka. La kwanza husababishwa na bakteria waitwao Ehrlichia, na hutibiwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini. La pili husababishwa na vimelea vya Babesia wanaopasua chembe nyekundu za damu, na doksisaiklini peke yake haitoshi kwao. Sindano ya diminazini, ambayo wafugaji wanaijua kwa ugonjwa wa ndorobo, huua baadhi ya vimelea hivyo, lakini kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru mishipa ya fahamu ni finyu sana. Mtu anayesoma ujumbe kwenye simu hawezi kutenganisha magonjwa haya, na mara nyingine hata daktari mwenye uzoefu hawezi kwa macho. Anahitaji tone la damu chini ya hadubini. Ndiyo maana napenda kusema kwamba fedha ya kipimo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika matibabu ya mbwa.

Ikithibitika ni Ehrlichia, cheti kwa kawaida kitasema siku 28. Siku ya tatu au ya nne mbwa anabweka tena getini, anakula, anamkimbiza muuza maji, na mwenye nyumba anaziweka kapsuli zilizobaki kwa ajili ya «siku nyingine». Kumbe ugonjwa huu una hatua ya kujificha, ambapo bakteria hubaki mwilini bila dalili kwa miezi au hata miaka, kisha hurudi ukiwa umegusa uboho, pale damu inapotengenezwa. Kapsuli zilizobaki hazitoshi kumtibu mbwa wa pili, na bakteria waliobaki kwa mbwa wa kwanza wamepata nafasi ya kuizoea dawa. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa hauishii kwenye uzio wa nyumba, kwa kuwa antibiotiki za mbwa wetu nyingi ni za familia moja na zetu.

Imani kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge nayo inachangia matumizi mabaya ya dawa. Sindano hufaa pale mnyama anapotapika, anapokuwa mahututi au dawa yenyewe isipokuwa na umbo la kumeza. Vinginevyo kidonge hufika kwenye damu ileile. Ile sindano ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, maarufu kama OTC, imetengenezwa kukaa muda mrefu kwenye msuli wa ng'ombe, na ikishaingia haitoki hata mnyama akionyesha kudhurika nayo.

Kumpa mnyama kidonge ni kazi yenye ufundi wake. Kwa mbwa, tengeneza matonge matatu madogo ya ugali yaliyochovywa kwenye supu ya samaki isiyo na kitunguu, kwa kuwa kitunguu nacho humharibia mbwa chembe za damu. Tonge la kwanza halina kitu, la pili lina kidonge, la tatu lifuate haraka kabla hajapata muda wa kutafuta kilichofichwa. Hakikisha tu kwamba dawa yenyewe si ya kumezwa tumbo tupu, na kwamba tetrasaiklini na jamaa zake, kama doksisaiklini, hazitolewi pamoja na maziwa, kwa sababu kalsiamu huishika dawa isifyonzwe.

Paka hadanganyiki kirahisi hivyo. Mviringe kwenye kanga, kichwa kibaki nje, mshike kutoka juu kwa kidole gumba na cha kati kwenye pembe za mdomo, inua pua ielekee dari, na taya la chini litalegea lenyewe. Dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, papasa koo mpaka umwone akilamba pua, ishara kwamba amemeza. Kisha rudisha kichwa mahali pake na umpe mililita 5 hivi za maji kwa bomba lisilo na sindano, kupitia ubavuni mwa mdomo. Maji hayo yana kazi maalumu: kidonge kikavu cha doksisaiklini hukwama kwenye umio wa paka na kuuchoma mpaka ukasinyaa. Usimmiminie mnyama yeyote dawa ya maji kichwa kikiwa kimeinuliwa, kwa kuwa njia ya mapafu iko wazi, na usiponde kidonge bila kuuliza. Metronidazo iliyopondwa ni chungu kiasi kwamba paka hutoa povu jingi mdomoni, na wenye nyumba wengi hudhani wamemwekea sumu.

Dozi ikisahaulika, itoe utakapokumbuka, isipokuwa muda wa inayofuata umekaribia, na kamwe usitoe mbili kwa pamoja. Prednisoloni na dawa za kifafa hazikatishwi ghafla hata mnyama akionekana mzima. Hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Kuhusu utunzaji, kabati la jikoni karibu na jiko na dashibodi ya gari lililoegeshwa Kariakoo mchana ni mahali pabaya pa kuweka dawa kwa joto letu, na amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji ina maisha ya siku 7 hadi 14 tu, kadiri lebo inavyoelekeza.

Ikitokea mnyama amepewa au ameiba dawa isiyomfaa, watu hukimbilia maziwa au mafuta ya kula. Maziwa hayavunji sumu, na sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta hufyonzwa haraka zaidi vitu hivyo vikiwepo; kumlazimisha mnyama aliyelegea kunywa ni kumjazia mapafu. Usimtapishe kwa chumvi. Chukua pakiti au chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, andika saa aliyomeza na uzito wake, umpigie daktari ukiwa njiani. Kwa paka aliyekula parasetamoli ipo dawa ya kuikabili, asetilisisteini, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo, kwa hiyo safari ya kliniki ianze wakati fizi zake bado ni za waridi.